Kurudisha kikundi cha zamani kwenye ukumbi wake: mwongozo kamili, kuanzia hati hadi jukwaani

Simu ninayopigiwa ni ileile kila mara. Anayepiga huwa mtoto au mjukuu wa msanii. Ukumbi wa kikundi cha baba yake unataka kuuzwa, au paa linadondoka, au kuna mtu kaugeuza godauni la mkaa. Wameamua kuwakusanya wazee wapige onyesho moja kubwa, pesa zikipatikana ukumbi uokolewe.

Namuuliza: hati iko wapi? Kimya. Namuuliza tena: wazee waliachana kwa nini? Kimya kirefu zaidi. Baada ya miezi mitatu nasikia mwimbaji mkuu hakutokea, pesa zote zimeishia kwa mwenye vyombo vya kukodi, na mlango umepigwa kufuli jipya.

Nami nilishindwa hivyohivyo mara ya kwanza, hapa Tanga. Mara ya pili tulifaulu kwa sababu tulibadilisha mpangilio tu. Onyesho ni hatua ya saba. Ukilianzisha la kwanza, hizo nyingine sita zitakudai siku ya onyesho lenyewe, zote kwa pamoja.

Haya ni ya vikundi vya taarab na sanaa za maonyesho vya Tanzania Bara vyenye ukumbi au klabu. Zanzibar na Kenya wana sheria zao za ardhi na usajili, kwa hiyo wasomaji wa huko wachukue hatua za watu na waulize kwao kuhusu karatasi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Kaunta buku mbili: moja ya watu, moja ya pesa. Usizichanganye.
- Namba ya kiwanja na kitalu cha ukumbi. Kama hakuna anayeijua, tafuta risiti za zamani za kodi ya ardhi kwenye masanduku ya familia za viongozi.
- Katiba ya kikundi, hata nakala iliyoliwa na mchwa.
- Picha na kanda za zamani. Vikundi vingi vya miaka ya 1970 na 1980 vilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, na hifadhi ile sasa iko TBC, shirika la utangazaji la taifa. Ulizeni.
- Nauli, zilizotengwa kabisa. Kazi hii inakula nauli kuliko kitu kingine chochote.
- Fundi ujenzi anayekubali kupanda darini, na wakili wa kuulizwa mara mbili tatu.
- Katibu ambaye hajawahi kuimba, kupiga ala wala kuigiza katika kikundi hicho. Akiwa mtoto wa mmoja wao, awe anayekubalika na pande zote. Bila huyu msianze.

## Hatua ya 1: Jua ukumbi ni wa nani

Nenda ofisi ya ardhi na namba ya kiwanja, kisha uombe upekuzi, yaani uthibitisho wa nani ameandikwa kuwa mmiliki, kwa Msajili wa Hati. Usiridhike na "kila mtu anajua ni wa kikundi". Kila mtu hatakuja mahakamani.

Majibu yatakuwa mojawapo ya haya matatu.

Hati ni ya wadhamini wa kikundi. Hapa una bahati. Chama cha kawaida hakimiliki ardhi kwa jina lake chenyewe. Kinahitaji bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini. Shida ni kwamba wadhamini walioandikwa enzi hizo wengi wao wako makaburini. Chagueni wengine kwa kufuata katiba, andikeni muhtasari wa kikao wenye sahihi, na mpeleke mabadiliko RITA. Bodi ya marehemu haiwezi kusaini hata maombi ya umeme.

Hati ni ya mtu mmoja. Zamani ilikuwa kawaida: mwenyekiti ndiye aliyejua kusoma, au ndiye aliyekuwa na pesa ya kulipia, kiwanja kikaandikwa jina lake. Kama amefariki, anayehusika ni msimamizi wa mirathi. Nendeni kwa familia kabla ya kwenda kwa wakili, mkiwa na wazee wawili waliomzika. Barua ya wakili ikitangulia, mtaongea na familia ile kupitia mahakama kwa miaka.

Hati haipo au muda wake umekwisha. Hati hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Iliyotolewa 1985 kwa miaka 33 ilikwisha 2018, na kuna vikundi havijui hadi leo. Ombeni upya, na mlipe malimbikizo ya kodi ya pango la ardhi.

Tahadhari mbili. Madai ya kurudisha ardhi yana ukomo wa miaka 12, kwa hiyo mvamizi aliyeachwa humo bila kuhojiwa ni jambo la kumpelekea wakili wiki hii, msisubiri baada ya sikukuu. Na kama kuna tetesi za kuuza, wakili aombe zuio kwa Msajili kabla hamjamwambia mtu kwamba mnaandaa kitu. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU, yaani unaponunua umeme. Kama mita ya ukumbi imekufa siku nyingi, ulizeni deni limesimama wapi.

Umefaulu pale unapoweza kujibu "ni wa nani?" kwa sentensi moja, ukiwa na karatasi ya upekuzi mkononi.

## Hatua ya 2: Pima jengo kabla halijawapima ninyi

Mpe fundi bisibisi apande darini. Aichomeke kwenye kenchi, mbao zinazobeba paa, hasa pale zinapolala juu ya ukuta. Ikigoma, sawa. Ikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, hakuna mtu kukaa chini ya sehemu hiyo, hata kwa kikao cha dakika kumi.

Kwenye majengo ya mawe na chokaa, ambayo ukanda wa pwani unayo mengi, mkataze fundi kupiga plasta ya saruji juu ya ukuta wenye unyevu. Saruji inaziba pumzi ya ukuta, maji yanabaki ndani, na baada ya masika mbili plasta inabanduka pamoja na vipande vya ukuta wenyewe. Ukuta wa chokaa hutibiwa kwa chokaa. Wala msidhani jengo likishaanza kutengenezwa hatari imekwisha: sehemu ya Beit al Ajaib, jumba la kale la Unguja, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 huku ukarabati ukiendelea, na watu wakafa.

Nyaya za umeme zikiwa za zamani, zikateni zote. Ukumbi wa chuo cha sanaa Bagamoyo uliteketea kwa moto mwaka 2002, na wale walikuwa chuo. Pigeni taa chache kwa waya mpya, zenye swichi moja kuu karibu na mlango.

Kisha fundi akupe orodha tatu: ya kuzuia watu wasife, ya kuzuia maji yasiingie, na ya kupendeza. Fanyeni ya kwanza na ya pili. Kila kikundi ninachokijua kilichoanza na rangi kiliishiwa pesa kabla ya kufika kwenye paa.

Kinyesi cha popo kitolewe na watu waliofunga pua na mdomo, kikiwa kimeloweshwa maji kwanza. Vumbi lake si la kupigiwa ufagio mkavu.

## Hatua ya 3: Nenda kwa watu, mmojammoja, kwa miguu yako

Usifungue kundi la WhatsApp. Najua ni rahisi. Mzee akiona jina la hasimu wake kwenye kioo cha simu ya mjukuu, kazi yako imekwisha kabla hujapiga hodi.

Nenda asubuhi, baada ya chai. Shikamoo, marahaba, habari za afya, pole za misiba. Pole za misiba usizirukie: kama mkewe alifariki miaka sita iliyopita na kikundi hakikutuma mtu, hilo ndilo atakalokuwa analiwaza muda wote unaozungumza. Toa pole hiyo, hata imechelewa. Ukumbi uje mwisho, kwa sentensi moja: "Tumeukagua ukumbi, tunajua ni wa nani, na tumeanza kuwatafuta wenyewe." Usiombe kitu siku hiyo.

Mpiga akodiani wetu tulimkuta Pongwe, analima. Alikana kabisa kwamba bado ana chombo. Tukanyamaza, tukaongea habari za mahindi. Tulipoaga akasema "ngojeni", akaingia ndani, akarudi na sanduku alilolivuta kutoka mvunguni. Mende walikuwa wamekula gundi ya mikunjo yote, naye alikuwa ameziba matundu kwa plasta ya vidonda, moja juu ya nyingine. Plasta za juu kabisa zilikuwa mpya. Mtu aliyeacha muziki hanunui plasta za akodiani.

Kwenye kaunta buku ya watu andika kwa kila mmoja: jina, alifanya nini kikundini, afya yake (presha, sukari, macho, magoti), anaishi na nani, na *nani hasemezani naye*. Hiyo ya mwisho usimuulize mwenyewe. Kwa jirani yake utaipata bure.

Wapo watakaosema wamekwenda Hija, au wameokoka, na muziki wameuacha. Usibishane nao wala usiwatanie. Tuliye naye wa hivyo hapandi jukwaani, lakini ni mdhamini, na ndiye aliyewasahihishia vijana mashairi ambayo walikuwa wakiyakosea mizani. Pia ongea na watoto wa kila mzee. Mtoto asiyeelewa ndiye atakayeficha viatu vya mama yake siku ya mazoezi.

Umefaulu kama angalau nusu ya waliosalia wamekukaribisha mara ya pili.

## Hatua ya 4: Wakutanishe kwa marehemu wao

Hapa ndipo tulipokosea mara ya kwanza. Tuliita "kikao cha kufufua kikundi". Walikuja wanne.

Mara ya pili tuliita hitma ya wasanii marehemu wa kikundi. Walikuja kumi na saba, wakiwemo wawili ambao hawakuwa wamekaa chumba kimoja tangu miaka ya 1990. Mwaliko wa dua haukataliwi, na anayekuja hahitaji kueleza kama amesamehe au la: amekuja kwa ajili ya marehemu. Kikundi chenye Wakristo kiwe na sala yao pia, na kila mmoja aelezwe mapema ili asijione mgeni.

Andikeni majina ya marehemu wote na alichofanya kila mmoja, yasomwe polepole. Mpiga tari, mpiga fidla, mshona nguo za jukwaani, mlinzi wa mlango. Msimsahau mtu. Kumsahau mlinzi wa mlango kulikaribia kutugharimu mjane wake na wanawe wanne, ambao leo ndio wabeba vyombo wetu.

Tahadhari: siku hiyo hakuna kutaja ukumbi, michango wala onyesho. Ukitaja, watasema mliwatumia marehemu kama chambo, na watakuwa wamesema kweli.

Dalili ya kufaulu ni ndogo. Watu wameshanawa mikono baada ya pilau, na hakuna anayeaga.

## Hatua ya 5: Fungueni daftari la pesa, mkianza na za zamani

Vikundi hivi watu husema vilikufa kwa uzee, au kwa muziki wa vijana. Nilivyoviona mimi vilikufa kwa tuzo.

Kwa asiyejua: mwimbaji akikupata mahali, unainuka unamtunza noti. Noti ile ni yake, au ni ya kikundi? Mpiga fidla aliyefanya wimbo ule ukulize anapata nini? Vikundi vingi vilikuwa na kapu moja na jibu la mdomo tu.

Mwimbaji wetu mkuu, bibi ambaye sauti yake ndiyo ilikuwa jina la kikundi, alitunzwa vizuri sana kwenye harusi moja. Pesa zikaingia kapuni. Kapu halikufunguliwa mbele yake, na Jumatatu akapewa kiasi ambacho, kwa maneno yake, "hata khanga ya pili haikutosha". Aliondoka bila kugombana. Walioambiwa kuwa bibi anaumwa walikuwa wengi. Waliojua ukweli ni watatu.

Kikao cha daftari kikaja wiki mbili baada ya hitma, kwenye baraza la mtu asiye mwanakikundi. Katibu aliuliza swali moja tu: kuna mtu anayedai kikundi? Palikuwa kimya mpaka kahawa ikapoa. Kisha mweka hazina wa zamani, mzee wa miaka sabini na kitu, akamgeukia bibi akasema, "Dada, nilikula." Hakuongeza neno. Bibi akaangalia kikombe chake. Akasema, "Nilijua. Nilikuwa nasubiri useme."

Msiandae tukio kama hilo, haliandaliki. Mnachoweza kuandaa ni swali, mahali, na katibu anayejua kunyamaza. Kila dai linaandikwa. Yanayoweza kulipwa yanapangiwa lini. Yasiyoweza yanasomwa kwa sauti na wahusika wanaulizwa kama wameyasamehe. Asiyesamehe asilazimishwe, aandikwe hivyo.

Baada ya hapo ndipo mnaandika kanuni mpya. Zetu ni hizi: tuzo nusu ni ya mwimbaji, nusu ni ya kikundi. Inahesabiwa usiku uleule, na watu wawili, mbele ya aliyetunzwa. Kiingilio chote ni cha ukumbi. Nauli hulipwa kabla ya mazoezi, si baada.

Na semeni ukweli wa hesabu mapema. Onyesho letu la kwanza liliingiza watu 200 kwa Sh 5,000, yaani Sh 1,000,000. Vyombo na jenereta vilichukua 350,000, nauli 120,000, chakula 100,000, vibali na matangazo 80,000. Zikabaki 350,000. Hazifikii hata robo ya paa. Mkiwaambia wazee kwamba onyesho litaezeka paa, mtakuwa mmewadanganya kwa mara ya pili katika maisha yao.

Basi onyesho ni la nini? Ni la kuonyesha kwamba ukumbi unatumika na una wenyewe. Mfadhili, diwani, tajiri wa mtaani, hata familia ya yule mwenye jina kwenye hati, wote huongea tofauti na kikundi walichokiona kikipiga.

## Hatua ya 6: Mazoezi ya watu wazima

Saa kumi alasiri, saa moja na nusu tu, mara mbili kwa wiki, kwa wiki sita hadi nane. Viti vyenye migongo. Chai isiyo na sukari iwepo pembeni, msimtangaze anayeinywa.

Nyimbo tano zinatosha. Msichague zinazopendwa na watoto wao. Waacheni wazee wachague ambazo vidole bado vinazikumbuka.

Shusheni ki, yaani kimo cha sauti ambacho wimbo unaimbiwa. Sauti ya miaka 25 haipo tena, na mwimbaji atakayelazimishwa kupanda pale pa zamani atakohoa, ataona haya, hatarudi. Tulishuka nota tatu na wimbo ukapata uzito ambao haukuwa nao. Waliomsikia Bi Kidude, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, akiimba akiwa mzee sana wanajua kwamba sauti iliyopasuka si kasoro, ilimradi ala zinaisubiri.

Kila mzee apewe kijana mmoja anayekaa nyuma yake, ala mkononi. Ikhwani Safaa, kikundi cha taarab cha Zanzibar, walianza 1905 na bado wapo, na mtu hahitaji kutafuta mbali sababu: wakongwe wamekuwa wakikaa na wanafunzi kizazi baada ya kizazi. Kijana huyo ndiye pia atakayepiga mkono wa mzee ukichoka.

Kuhusu tungo: aliyeandika shairi, aliyetia muziki na aliyeimba mara nyingi ni watu watatu. Pateni ridhaa ya familia ya mshairi kwa maandishi. Mkikusudia kurekodi, pitieni COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla, maana mwenye studio atawauliza.

Fundi mitambo, ambaye bila shaka ana miaka 22 na anapenda besi, ahudhurie mazoezi mawili. Wazee walizoea kuzunguka kipaza sauti kimoja na kujipima wenyewe kwa kusogea na kurudi nyuma. Mwambie asiguse kitu wanaposogea.

## Hatua ya 7: Onyesho

Vibali: serikali ya mtaa, afisa utamaduni wa halmashauri, polisi. Kikundi kiwe kimesajiliwa BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Anzeni mwezi mmoja kabla, na kila ofisi mwache nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Anzeni saa kumi na nusu jioni, simameni kwa ajili ya magharibi, malizeni saa tatu. Usiku wa manane waachieni wenye magoti mazima. Ngazi ya jukwaa iwe na pa kushika. Milango yote miwili iwe wazi, na mtu mmoja asimame kwenye swichi kuu jioni nzima, hata kama anaupenda wimbo.

Fungueni kwa bashrafu, ala tupu. Inawapa wapigaji nafasi ya kupasha vidole na inawanyamazisha watu bila mshereheshaji kupiga kelele. Mwimbaji mkuu aimbe wa pili, si wa mwisho. Mkimwekea kilele atakuwa amechoka kwa kusubiri. Acheni njia pana katikati ya viti kwa wanaokwenda kutunza. Ukumbi ukijaa, umejaa: wasiopata nafasi waandikiwe majina kwa onyesho lijalo, na msiwaweke chini ya ile sehemu ambayo bisibisi ilizama.

Risala fupi moja tu, ya katibu, yenye namba ya kiwanja, jina la wadhamini na kiasi kinachohitajika. Wanasiasa washukuriwe wakiwa wamekaa.

## Hatua ya 8: Asubuhi inayofuata

Kabla ya saa nne asubuhi, bandikeni mapato na matumizi mlangoni, kwa mwandiko mkubwa, na sahihi tatu. Wekeni kufuli tatu, funguo kwa watu watatu wa familia tofauti. Wiki hiyohiyo pelekeni picha na hesabu ile kwa kila mliyepanga kumwomba, kabla joto halijapoa.

Kisha jazeni wiki. Ukumbi unaofunguliwa mara mbili kwa mwaka utarudi kuwa godauni. Kwetu Jumanne ni mazoezi, Alhamisi vijana wanajifunza kupiga ala ya kanuni na fidla, Jumamosi tunaukodisha kwa vikao vya harusi, na pesa hiyo ya Jumamosi ndiyo inayonunua mabati, bando moja baada ya jingine. Mwisho wa mwezi daftari linasomwa kwa sauti. Mweka hazina wa sasa ni binti wa yule mzee. Bibi huvuta kiti akakaa ubavuni pake, noti zinapopangwa mezani, naye anahesabu.